Geuza skrini kwanza: PlayStation na kompyuta ndogo kwenye kioo kimoja

Kila jioni baada ya Magharibi, mpwa wangu aling'oa waya wa HDMI nyuma ya kompyuta yangu akauchomeka kwenye PlayStation 4 yake. Saa nne usiku, nikitaka kumalizia kazi, nang'oa mimi narudisha. Tuliishi hivyo miezi kadhaa, hapa Tudor, Mombasa, kwenye meza moja yenye skrini moja ya inchi 24, mtumba wa ofisi kutoka Uingereza. Kisha picha ya PlayStation ikaanza kukatika kila meza ikiguswa. Fundi aliifungua akanionyesha: tundu la HDMI limelegea na baadhi ya vipini vyake vimeachana na bodi. Tundu lile limelehemewa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na kuvutwa kila siku huku na huku ndiko kulikoliua.

Tangu siku hiyo nimesaidia nyumba kadhaa za majirani kupanga mashine mbili kwenye skrini moja, na karibu kila mara nakuta pesa imeshatumika kwa kitu kisichohitajika. Nami nilianza na kosa hilohilo.

Splita si swichi

Nilipotoka kwa fundi nilipitia duka moja la vifaa vya umeme nikamwambia kijana wa kaunta, "Nataka splita ya HDMI. Nina mashine mbili, skrini moja." Akanipa splita. Nyumbani nikachomeka kila kitu, kioo kikabaki cheusi.

"Mjomba, mbona haionyeshi?"

Haikuweza kuonyesha. Splita ni mfereji mmoja unaojaza ndoo mbili: picha ya mashine moja inagawanywa kwenda skrini mbili. Mimi nilikuwa na mifereji miwili na ndoo moja, na kifaa cha kazi hiyo kinaitwa swichi. Sanduku zake zinafanana, ukubwa ni uleule, na madukani majina haya yanachanganywa na muuzaji na mnunuzi vilevile. Dawa ni kutosikiliza jina kabisa. Angalia maandishi kwenye kifaa chenyewe: kama kina IN moja na OUT mbili, hicho ni cha kugawa. Unachotafuta kina IN mbili au zaidi na OUT moja, na aghalabu kina kitufe cha kuchagua. Vipo pia vidogo visivyo na waya wa stima vinavyokubali pande zote mbili, lakini hivyo navyo vinafanya kazi moja kwa wakati mmoja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata hiyo swichi sikuihitaji. Jibu lilikuwa nyuma ya skrini muda wote.

Geuza skrini, soma mgongo wake

Kabla ya kutoka nyumbani kwenda kununua chochote, zima skrini, igeuze, na usome matundu yaliyopo. Chukua picha kwa simu uende nayo dukani.

Tundu la zamani kuliko yote ni VGA, lile la buluu lenye vishimo kumi na tano na skrubu mbili ubavuni. Linabeba picha ya analogi na halina sauti. Pembeni yake huwa kuna DVI, pana na jeupe. HDMI unaijua: bapa, pembe mbili za chini zimekatwa. Na ipo DisplayPort, ambayo watu wengi huidhania HDMI iliyoharibika, kwa sababu inafanana nayo ila imekatwa pembe moja tu. Hii ya mwisho ndiyo nataka tuielewe vizuri, kwa sababu inatatua tatizo katika nyumba nyingi za hapa.

HDMI ilizaliwa mwaka 2002 ikilenga sebuleni: TV, deki za diski, baadaye mashine za gemu. DisplayPort ilitoka mwaka 2006 kutoka VESA, muungano wa kampuni zinazoweka viwango vya skrini, nayo ililenga meza za ofisi. Mgawanyo huo bado upo. PlayStation, Xbox na kituo cha Nintendo Switch vinatoa HDMI peke yake. Kompyuta ndogo za ofisi, zile ThinkCentre Tiny, OptiPlex Micro na EliteDesk Mini zinazoingia nchini kama mitumba na zinazotoshea kiganjani, kwa kawaida zina DisplayPort, mara nyingine mbili, na HDMI inaweza isiwepo kabisa. Skrini zinazotoka ofisi hizohizo nazo huwa na DisplayPort.

Kwa hiyo mpango mzuri kwa watu wengi ni huu: kompyuta iende DisplayPort kwa DisplayPort, na tundu la HDMI la skrini liachiwe mashine ya gemu, ambayo haina njia nyingine. Nyaya mbili, kila moja mahali pake, haziguswi tena. Unabadilisha kwa kitufe cha skrini, kile cha Source au Input. Hakuna sanduku katikati, hakuna adapta. Kwangu waya wa DisplayPort ndio ulikuwa dawa nzima, na ulikuwa wa bei ndogo kuliko ile splita.

Kama kompyuta yako ina HDMI na skrini ina HDMI mbili, mambo ni rahisi zaidi. Kama mashine zote mbili zinatumia HDMI na skrini ina tundu moja tu la HDMI pamoja na DisplayPort, basi ni kompyuta itakayohamia DisplayPort, ikiwa inalo tundu hilo, kamwe si PlayStation. Sababu inafuata.

Adapta ina mbele na nyuma

Watu wanaiona adapta kama kipande cha bomba: kikiunga huku na kule, maji yatapita upande wowote. Sivyo. Waya wa bei rahisi wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili umetengenezwa kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda skrini yenye HDMI. Unafanya kazi kwa sababu kompyuta ndiyo inayojigeuza: matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yanaweza kuhisi adapta imechomekwa yakaanza kutoa lugha ya HDMI yenyewe. Waya unapitisha tu.

Ukigeuza waya huohuo, PlayStation upande wa HDMI na skrini upande wa DisplayPort, hakuna anayetafsiri. PlayStation inasema HDMI, skrini inasubiri DisplayPort, na kioo kinabaki cheusi hata ukibadilisha nyaya kumi. Huko kunahitajika kigeuzi chenye chipu ya kutafsiri, na utakitambua kwa mkia wa USB wa kukipa stima. Kipo, kinafanya kazi, lakini ni cha gharama zaidi na kinaongeza kiungo kimoja cha kuharibika.

Hapa ndipo skrini za mitumba zinapowatesa watu. Nyingi za miaka ya 2012 hadi 2015 zina VGA, DVI na DisplayPort, lakini HDMI hakuna. Mwenye PlayStation akinunua skrini kama hiyo, njia nyepesi ni DVI. HDMI ilijengwa juu ya mfumo uleule wa DVI, kwa hiyo waya wa HDMI kwenda DVI hauhitaji chipu wala stima, na picha inatoka safi. Kinachopotea ni sauti, nayo nitaizungumzia mbele. Kompyuta basi inachukua DisplayPort, na meza imekamilika tena bila swichi. Skrini zenye pikseli 1920 kwa 1200, ambazo ni ndefu kidogo kwenda chini, zinaweza kuvuta picha ya gemu wachezaji wakaonekana wembamba. Ingia menyu ya skrini uchague uwiano wa asili badala ya kujaza kioo.

Hodi ya kwanza na hodi ya pili

Sasa tuseme umechomeka sawasawa lakini kioo kinawaka na kuzima, au kinaonyesha kompyuta na kukataa PlayStation. Hapa inabidi kujua kinachotokea ndani ya waya.

Mashine haianzi kumwaga picha ukishachomeka tu. Inapiga hodi kwanza. Skrini inaitikia kwa kutoa maelezo yake, yaliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo ndani yake: mimi ni aina fulani, nina pikseli 1920 kwa 1080, naweza picha 60 kwa sekunde, sina spika. Maelezo hayo yanaitwa EDID, na kiini chake ni baiti 128 tu, pungufu ya ujumbe mmoja wa simu wa kawaida. Mashine inayasoma, inachagua picha ambayo mwenyeji ataiweza, ndipo inaingia.

Kila kitu unachoweka katikati kinasimama kwenye mazungumzo hayo. Adapta mbovu inaweza kuyakata, na mashine isiyosikia jibu inatoa picha ya chini kabisa au haitoi kitu. Swichi rahisi inakata mazungumzo kila unapobonyeza kitufe, hivyo kila ukibadilisha hodi inaanza upya na kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde kadhaa. Huo si ubovu. Swichi bora zinahifadhi maelezo ya skrini na kuendelea kuipa mashine iliyoachwa pembeni, ili isidhani skrini imeondoka.

Kompyuta ndiyo inayoudhika zaidi na jambo hili. Skrini nyingine, ukihamia HDMI, hutoa ishara upande wa DisplayPort kana kwamba waya umeng'olewa. Kompyuta inaamini haina skrini, na ukirudi unakuta madirisha yamerundikana pembeni au yamebadilika ukubwa. Windows 11 ina mpangilio kwenye sehemu ya Display wa kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na skrini iliyounganishwa, uwashe. Na ukiwa unaiwasha kompyuta asubuhi, hamishia skrini upande wake kabla ya kubonyeza kitufe, ili hodi yake ya kwanza ipate mwitikio.

Mashine za gemu zina hodi ya pili, na hii ni kali zaidi. Inaitwa HDCP, kinga iliyowekwa ili filamu zisinakiliwe njiani. PlayStation inauliza kila kilichopo kwenye njia: una kibali? Kifaa kimoja kikikosa jibu, picha haitoki, ingawa kompyuta kwenye kifaa hichohicho inaonyesha vizuri. Mtu akiona hivyo hukimbilia kusema PlayStation imekufa. Haijafa. Kwenye PS4 na PS5 kuna mpangilio wa HDCP ndani ya menyu ya mfumo. Ukiuzima gemu zitaonekana, lakini programu za filamu zitakataa kufunguka hadi uuwashe tena. Ukitaka kuuzima, tumia kwanza skrini au TV ya jirani inayokubali, kisha rudi nyumbani.

Kama kioo chako ni TV

TV kubwa ya sebuleni ina HDMI mbili au tatu, kwa hiyo nafasi si tabu. Tabu ni uwezo wa njia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Picha ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli biti 24, mara 60 kwa sekunde, unapata karibu gigabiti 3 kila sekunde. Picha ya 4K ina pikseli 8,294,400, yaani mara nne, hivyo inafika karibu gigabiti 12, na ukijumlisha nafasi na ishara za kuilinda njiani inakaribia 18. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inabeba 10.2. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 inabeba 18. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 inafika 48, na ndiyo iliyofungua njia ya 4K kwa picha 120 kwa sekunde kwenye PS5 na Xbox Series X.

Mwenye PS4 ya kawaida au Slim asihangaike na hizi zote. Mashine yake inaishia 1080p na waya wowote mzima unatosha. Anayeguswa ni mwenye kompyuta ndogo ya mtumba. Nyingi zenye chipu za Intel za kizazi cha sita hadi cha tisa zina HDMI ya 1.4, kwa hiyo ukizichomeka kwenye TV ya 4K zinatoa picha 30 tu kwa sekunde. Utaona mshale wa kipanya unajiburuta, udhani kompyuta imechoka. Kumbe tundu la DisplayPort la kompyuta hiyohiyo linaweza 4K kwa picha 60. Kwa hiyo nunua adapta ya DisplayPort kwenda HDMI 2.0 yenye chipu, iliyoandikwa 4K 60Hz, na mshale utatulia. Au teremsha kompyuta iwe 1080p na usinunue kitu. Kwa kutazama video na kuandika barua, mimi ningeteremsha.

Matundu ya TV nayo hayako sawa, ingawa yanafanana. Kwenye TV nyingi ni moja au mawili tu yanayopokea picha 120, na hilo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa tundu. PS5 ipewe hilo. Nyingine zinataka uruhusu kwanza kwenye menyu, tundu kwa tundu, ndipo zipokee uwezo wote. Nembo ya 2.1 kwenye boksi la TV haitoshi, kwa kuwa skrini inaweza kubeba jina hilo bila kuwa na picha 120. Tafuta maneno 4K 120Hz yenyewe.

Waya hauna toleo. Una daraja: Premium High Speed kwa gigabiti 18, Ultra High Speed kwa 48. Kwa PS5 tumia ule uliokuja ndani ya boksi lake, usiupe kazi ya deki.

Kisha herufi. Kompyuta kwenye TV mara nyingi huonyesha maandishi yenye ukungu wa rangi kandokando, hasa mekundu juu ya meusi. TV hubana taarifa za rangi ili kupunguza mzigo, ikizipa pikseli mbili au nne rangi moja. Kwenye filamu jicho halioni. Kwenye herufi nyembamba linaona mara moja. Ingia orodha ya vyanzo vya TV, badilisha jina la tundu lile liitwe PC. Kwenye TV nyingi jina hilo si pambo, linabadilisha jinsi picha inavyoshughulikiwa, na herufi zinanyooka. Kingo za picha zikiwa zimekatwa, upau wa chini wa Windows hauonekani, tafuta Just Scan au Fit to Screen kwenye ukubwa wa picha. Na tundu la gemu liwekwe Game Mode, la sivyo unabonyeza padi na mpira unapigwa baadaye.

Jambo moja linalogombanisha nyumba: unaandika kwenye kompyuta, mtoto anawasha PlayStation, TV inaruka yenyewe kwenda kwenye gemu. Hiyo ni CEC, mashine kuamrishana kupitia HDMI. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, na kwenye PlayStation inaitwa HDMI Device Link. Izime upande wa PlayStation.

Swichi inapohitajika kweli

Ukibaki na tundu moja la HDMI na hakuna jingine linalofaa, nunua swichi. Chagua yenye tundu la kupokea stima ya USB, iliyoandikwa uwezo unaoutaka, na HDCP 2.2 kama mashine ni ya 4K. Weka waya mfupi kati yake na skrini. Kama unataka pia kibodi na kipanya vihame pamoja na picha, kifaa hicho ni KVM. Kwa nyumba yenye PlayStation moja inayochezwa kwa padi, ni gharama ya bure.

Sauti

HDMI na DisplayPort zinabeba sauti. Skrini nyingi zina kitundu cha mviringo cha spika, na kinatoa sauti ya mashine iliyopo kwenye kioo wakati huo, kwa hiyo wufa moja inahudumia zote mbili. Kwenye kompyuta hakikisha chanzo cha sauti kilichochaguliwa ni skrini.

Kwa waliotumia DVI: PS4 ya kwanza na PS4 Pro zina tundu la sauti ya mwanga, optiko. Slim na PS5 hazina. Huko chomeka hedifoni kwenye padi na uelekeze sauti yote hapo.

Stima na chumvi

Zima soketi zote mbili ukutani kabla ya kuchomeka HDMI. PlayStation haina waya wa ardhi, chaja nyingi za kompyuta ndogo zinao, na tofauti hiyo ndiyo ule mwasho unaousikia vidoleni ukigusa vyuma vya mashine mbili kwa pamoja. Ni mdogo, lakini ukipita kwenye vipini vya HDMI wakati wa kuchomeka unaweza kuchoma chipu. Stima ikipotea, zima ekstensheni na usubiri itulie ikirudi. Kifaa cha kulinda TV kinachochelewesha stima dakika chache kinasaidia, na kompyuta hizi ndogo hazina betri ya kuzibeba.

Na sisi tuna bahari. Nyumba zinazopokea upepo wa moja kwa moja, Mji wa Kale, Likoni, Nyali, hupata ukungu wa kijani kwenye vichwa vya nyaya ndani ya miezi. Dhahabu iliyopakwa kwenye vichwa vya HDMI haiongezi uzuri wa picha hata chembe, ila haishiki kutu, na kwa hapa Pwani hiyo inatosha kuilipia. Matundu yasiyotumika yazibe kwa vifuniko vya mpira. Nyuma ya meza yetu nimefunga nyaya mbili kwa kamba kwenye mguu wa skrini, zikiwa na ulegevu kidogo ili uzito wake usining'inie kwenye tundu la PlayStation, ambalo fundi alilibadilisha. Mpwa wangu sasa anabonyeza kitufe cha chini ya kioo mara mbili, anaketi, na waya haujaguswa tangu Ramadhani.